Jibu la mtaalamu: Kwa nini mama anatoka kwenye dialisisi akiwa hoi kila Jumatatu?

Swali: Msomaji wa Kayole, Nairobi, ameandika: "Mama yangu ana miaka 58 na ameishi na kisukari na presha kwa muda mrefu. Miezi miwili iliyopita tuliambiwa figo zimefika hatua ya tano, akawekewa katheta (mpira wa kupitishia damu) shingoni na kuanza dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kila Jumatatu na Alhamisi kwa muda wa saa nne. Uzito aliopangiwa ni kilo 60. Alhamisi huwa afadhali, lakini Jumatatu hufika amevimba, akiwa na kilo 64 na nusu au zaidi. Kipindi kikikaribia mwisho presha inashuka, miguu inakaza, anatapika, na mara nyingine anatolewa kabla ya muda. Sasa anasema mashine ndiyo inayommaliza, na shangazi anashauri tujaribu mitishamba. Mashine hiyo inafanya nini hasa? Na sisi nyumbani tunakosea wapi?"

Jibu: Mpe mama pole kwanza. Kizunguzungu, kutapika na miguu kukaza si mambo ya kujitungia. Yana sababu inayoweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi, na sehemu kubwa yake inarekebishika.

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana, saa 168 kwa wiki. Mama yako yuko kwenye mashine saa 8. Katika zile saa 160 zinazobaki, maji, chumvi, potasiamu na asidi hujikusanya mwilini bila pa kutokea, isipokuwa kupitia mkojo kidogo ambao huenda bado anaupata. Kutoka Jumatatu hadi Alhamisi ni siku tatu. Kutoka Alhamisi hadi Jumatatu ni nne. Siku hiyo moja ya ziada ndiyo mnayoiona Jumatatu. Hata kwa wagonjwa wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki, hatari ya matatizo ya moyo na ya kifo hupanda mwishoni mwa lile pengo refu zaidi la wiki. Kwa hiyo swali lako la pili, la nyumbani, lina uzito kuliko la kwanza. Lakini ni vigumu kulielewa bila kujua mashine inafanya nini.

Katheta ya shingoni ina njia mbili. Moja hutoa damu, nyingine huirudisha. Pampu ya mashine huivuta damu kwa kasi ya mililita 300 hivi kwa dakika na kuipitisha kwenye dialaiza, ile silinda ya plastiki inayosimama kando ya mashine. Ndani yake mna maelfu ya nyuzi zenye tundu katikati, kila tundu likiwa na upana wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita. Damu hupita ndani ya nyuzi. Nje yake hupita maji maalumu ya dialisisi, yakielekea upande ulio kinyume na damu, kwa kasi ya mililita 500 hivi kwa dakika. Kuta za nyuzi zina vitundu vidogo mno. Chembe za damu na protini kubwa hazipiti. Urea na kreatinini, ambazo ni uchafu wa mwili, pamoja na potasiamu hupita. Uchafu huhama wenyewe kutoka penye wingi kwenda penye uchache, jinsi rangi ya majani ya chai inavyosambaa ndani ya kikombe. Damu ya mama ikiwa na potasiamu 6 na maji ya mashine yakiwa na 2, potasiamu hutoka. Bikabonati iko nyingi zaidi upande wa maji, kwa hiyo hiyo huingia kwenye damu na kupunguza asidi.

Kutoa maji ya ziada ni kazi nyingine kabisa. Hapo mashine huvuta kwa shinikizo, na muuguzi huingiza mwenyewe kiasi cha lita zinazopaswa kutoka na muda wake. Kumbuka hilo, kwa sababu tatizo la Jumatatu liko hapo.

Katika saa nne, takriban lita 72 za damu hupita kwenye dialaiza. Maana yake ni kwamba damu yote ya mama huzunguka humo mara 15 au zaidi. Lakini iliyo nje ya mwili wakati wowote haizidi sana robo lita, kiasi cha glasi moja, na yote hurudishwa mwishoni. Mweleze hilo kama kuona damu kwenye mipira kunamtisha. Umeme ukipotea, pampu ina mkono wa kuzungusha ili damu irudi mwilini. Mashine ina vifaa vya kugundua hewa kwenye mpira, damu kuvuja na shinikizo kubadilika. Kengele nyingi zinazolia humaanisha tu mgonjwa amegeuza shingo au mpira umejikunja. Dawa ya heparini huzuia damu kuganda kwenye mipira, na kwa sababu hiyo muuguzi lazima aambiwe kabla ya kuanza kama mama ameanguka, ameng'olewa jino, au amepata choo cheusi.

Hapa niseme neno kuhusu maji, kwa kuwa wengi hawalijui. Kipindi kimoja hutumia takriban lita 120 za maji ya dialisisi, na yote hutenganishwa na damu ya mama kwa ukuta mwembamba tu. Klorini ambayo haimdhuru anayekunywa maji ya mfereji huvunja chembe nyekundu za damu ikipita hapo. Ndiyo maana kituo lazima kiyapitishe maji kwenye makaa maalumu ya kunasa klorini, kisha kwenye mtambo wa kuyachuja hadi yabaki matupu bila madini, na kupima klorini kabla ya kila zamu. Nairobi, ambako mfereji hukauka na matangi kujazwa maji ya bozi au ya kisima, hili si jambo dogo. Una haki ya kuuliza kama kipimo kimefanywa leo, na kituo kizuri hakikasiriki.

Sasa hesabu ya Jumatatu. Mama ana uzito mkavu wa kilo 60, yaani uzito ambao akiwa nao hana maji ya ziada. Amefika na 64 na nusu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo zinatakiwa zitoke lita 4 na nusu kwa saa nne, sawa na mililita 1,125 kila saa. Gawanya kwa kilo 60: karibu mililita 19 kwa kila kilo kwa saa. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wengi wa figo ni mililita 13. Kwa mwili wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa, au lita 3 na kidogo kwa kipindi kizima.

Kwa nini mpaka uwepo? Mashine huvuta maji kutoka kwenye mishipa ya damu peke yake. Maji yaliyovimbisha miguu yako nje ya mishipa, kwenye nyama, na huhitaji muda kurudi ndani. Mashine ikivuta kwa kasi kuliko yanavyorudi, mishipa hupungukiwa, presha huanguka, misuli hukosa damu na kukaza, tumbo hutapika. Mtu asiye na kisukari hujihami kwa mishipa kujibana na moyo kwenda mbio. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva zinazotoa amri hizo, kwa hiyo mama yako hana akiba kama ya jirani yake wa kitanda cha pili. Muuguzi humlaza chali, huinua miguu, husimamisha uvutaji na kumpa maji ya chumvi kwenye mshipa. Ni hatua sahihi, inaokoa maisha, lakini ile chumvi humtia kiu akifika nyumbani. Na akitolewa saa nzima kabla ya muda, robo ya usafishaji wa siku hiyo imepotea. Anarudi Kayole na maji, na potasiamu, na kiu. Jumatatu ijayo inaanza hapo.

Kuna mambo ya kuzungumza na daktari wa figo wiki hii hii, msisubiri kliniki ya mwezi. Kwanza muda: saa tano badala ya nne huruhusu karibu lita 3.9 zitoke kwa mwendo salama. Ikishindikana, ni afadhali kutoa lita 3, kuacha kilichobaki, na kupanga kipindi cha ziada Jumamosi au Jumanne kuliko kulazimisha zote. Pili, dawa za presha. Kama mama huzimeza asubuhi kabla ya mashine, daktari anaweza kuzihamishia jioni siku za dialisisi. Asiache mwenyewe. Baadhi ya dawa hizo, kwa mfano atenololi na lisinoprili, huondolewa na mashine, kwa hiyo kuzimeza baada ya kipindi kuna faida mbili. Amlodipini haiondolewi. Tatu, joto la maji ya mashine: kulishusha hadi digrii 36 au chini yake kidogo hubana mishipa na kusaidia presha isianguke. Atahisi baridi, mpelekee shuka nzito.

La nne ni uzito mkavu wenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hujificha. Kilo 60 zilipangwa miezi miwili iliyopita. Mgonjwa aliyeanza dialisisi hurudiwa na hamu ya kula, nyama ya mwili huongezeka, na uzito wake wa kweli unaweza sasa kuwa 61 na nusu. Mashine ikiendelea kumshusha hadi 60 inamkausha. Kinyume chake pia hutokea: mtu hukonda na maji hujaza nafasi ya nyama, mizani isionyeshe chochote. Dalili husaidia kutofautisha. Akimaliza bila uvimbe wowote lakini misuli inakaza kila mara na presha iko chini, uzito umepangwa chini mno. Akimaliza bado amevimba, hawezi kulala bila mito miwili na presha iko juu, umepangwa juu. Ombeni upimwe upya. Baadaye angalau kila mwezi.

Chakula wakati wa mashine nacho huchangia. Chai na chapati katikati ya kipindi huita damu tumboni wakati ambapo mishipa tayari imepungukiwa. Ale saa moja au mbili kabla ya kuanza. Lakini apimwe sukari kabla na katikati ya kipindi, kwa maana kutokwa na jasho na kulegea kunaweza kuwa sukari iliyoshuka na si presha. Figo ndizo huvunja sehemu kubwa ya insulini. Zikifa, dozi ileile ya zamani hudumu muda mrefu zaidi mwilini na inaweza kumwangusha usiku. Angalieni pia vidonge vyake. Metformini haifai kwa hatua hii, na glibenklamidi, ambayo bado wazee wengi huandikiwa, inaweza kushusha sukari kwa siku nzima na zaidi. Kama moja kati ya hizi bado imo kwenye mfuko wake wa dawa, pigeni simu kituoni leo.

Nyumbani, msianze na maji. Anzeni na chumvi. Familia nyingi humficha mgonjwa jagi, humkaripia akiomba maji, huku mboga imetiwa unga wa mchuzi wa pakiti. Mwili haukubali chumvi ibaki peke yake: kila gramu 8 hivi za chumvi hushikilia lita moja ya maji, na kiu haitatulia mpaka lita hiyo inywewe. Mtu anayekula gramu 10 za chumvi kwa siku, kiasi cha kawaida mjini, kwa siku nne amekula gramu 40. Hizo ni lita 5. Linganisha na kilo zake za Jumatatu. Akishuka hadi gramu 5 kwa siku, lita hizo zinakuwa mbili na nusu, ambazo mashine inaweza kuzitoa bila vita.

Gramu 5 ni pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, na ndani yake mnahesabu ile iliyomo kwenye mkate, soseji, smoki, krisps, noodles na mchuzi wa pakiti. Magadi yanayolainisha githeri ni sodiamu pia. Kwa vitendo: pikeni bila chumvi kabisa, mtie ladha ya vitunguu, kitunguu saumu, dania, tangawizi, ndimu na pilipili hoho, kisha wengine wajitilie chumvi mezani. Msimnunulie ile chumvi inayouzwa madukani kama chumvi ya wenye presha. Mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, na kwake ni hatari. Kwa sababu hiyohiyo waambieni jamaa wa magharibi mwa Kenya wasimtilie mboga munyu wa majivu. Majivu ya mimea yamejaa potasiamu.

Baada ya chumvi, maji. Mkusanyieni mkojo wa saa 24 kwenye chombo kimoja mpime. Kiwango chake cha vinywaji kwa siku ni mkojo huo pamoja na mililita 500. Akikojoa 300, ana 800, na humo mna chai, uji, supu, maziwa, soda na maji ya kumezea dawa. Njia inayofanya kazi kuliko zote: kila asubuhi jazeni chupa kwa kiwango chake, akinywa kikombe cha chai, kiasi kilekile kinamwagwa kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kikombe kiwe kidogo. Vidonge amezee wakati wa mlo. Kinywa kikikauka asukutue na kutema, au afyonze kipande cha ndimu. Na sukari ya damu idhibitiwe, kwa kuwa sukari iliyopanda huleta kiu ambayo hakuna nidhamu inayoishinda.

Mizani ya bafuni ni kifaa muhimu kuliko mashine ya presha kwa mgonjwa huyu. Apimwe kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, na nguo nyepesi. Ongezeko la karibu nusu kilo hadi gramu 700 kwa siku linavumilika. Ikifika Jumamosi ameshapanda kilo mbili na nusu, mnajua mapema na mnabana mlo wa Jumapili, badala ya kushtukia Jumatatu kwenye mizani ya kituo.

Maji humtesa mgonjwa. Potasiamu humuua ghafla. Kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5, na kikipita 6.5 moyo unaweza kusimama bila onyo, au kwa onyo dogo tu la miguu kulegea na moyo kuruka mapigo. Mlo wa Nairobi umejaa potasiamu: viazi, nduma, ndizi, maharagwe, ndengu, avokado, nyanya kwa wingi, juisi za matunda. Mukimo ni viazi na majani na mara nyingi ndizi mbichi au njegere, vyote kwenye sahani moja. Maji ya madafu, ambayo watu huyapeleka hospitalini kama zawadi, yana takriban miligramu 600 za potasiamu kwa glasi, robo ya anachoruhusiwa kwa siku nzima au zaidi.

Hilo halimaanishi ale ugali mkavu. Viazi vimenywe, vikatwe vipande vyembamba, vichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, vitiwe mengine na kuchemshwa tena hadi viive, na hayo pia yamwagwe. Sehemu kubwa ya potasiamu hutoka na maji. Sukuma wiki, managu na kunde vikatwe, vichemshwe, vikamuliwe, kisha ndipo vikaangwe na kitunguu. Kabichi ni nafuu zaidi. Wali na ugali wa unga mweupe ni salama kuliko chakula kingi kingine. Tunda: tofaa, peasi au kipande cha nanasi, moja kwa siku. Na choo kikiwa kigumu semeni, kwa sababu figo zikishindwa utumbo huchukua sehemu ya kazi ya kutoa potasiamu, na mgonjwa asiyepata choo huihifadhi. Daktari atampa laktulosi.

Kosa moja linaniuma kila ninapolikuta. Kabla ya dialisisi mama aliambiwa apunguze nyama na mayai, na ilikuwa sawa. Baada ya kuanza dialisisi kanuni hiyo inageuka, lakini mara nyingi hakuna anayewaambia familia. Kila kipindi huondoa gramu kadhaa za viini vya protini pamoja na uchafu. Sasa anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo, kwake gramu 60 hadi 70 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kipande cha kuku au samaki cha ukubwa wa kiganja kina 20 hadi 25. Mgonjwa anayekosa protini huvimba zaidi, vidonda vyake havifungi, na hushikwa na maambukizi. Mpeni mayai, kuku, samaki, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Mpunguzieni omena, anayeliwa pamoja na mifupa yake, maziwa mengi na soda nyeusi, kwa ajili ya fosforasi, ambayo mashine huiondoa vibaya. Vidonge vya kunasa fosforasi, kama kalsiamu kaboneti, hufanya kazi vikikutana na chakula tumboni. Akivimeza saa mbili baada ya kula amevipoteza.

Kuna kazi nyingine za figo ambazo mashine haizigusi kabisa. Figo hutengeneza homoni inayoamuru uboho uzalishe damu. Ndiyo sababu ya zile sindano za chini ya ngozi na madini ya chuma. Lengo la hemoglobini ni 10 hadi 11.5. Ikiwa mnafikiria upandikizaji, ulizeni kabla ya kukubali kuongezewa damu pasipo dharura, kwa sababu kila chupa inaweza kumpa kingamwili zitakazokataa figo ya baadaye. Achanjwe pia homa ya ini aina ya B, kwa dozi kubwa kuliko ya kawaida, na apimwe baadaye kama chanjo imeshika.

Kuhusu katheta: ni mlango ulio wazi kati ya hewa ya nje na moyo. Isilowe. Bandeji ibadilishwe kituoni tu, kila aliye karibu akiwa amevaa barakoa, na isitumiwe kutia dawa nyingine wala kutoa damu ya maabara. Homa au kutetemeka kwa baridi, hasa mashine ikiwa imewashwa, ni maambukizi ya damu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na antibayotiki ya duka la dawa itachelewesha tu matibabu.

Ulizeni sasa fistula ya dialisisi, njia ya damu ya mkononi inayochukua nafasi ya katheta. Daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena ya mkono, vena ikapanuka na kuota ukuta mgumu unaostahimili sindano. Mbinu hiyo ilielezwa na madaktari wa New York mwaka 1966 na bado hakuna iliyoishinda. Huchukua wiki 6 hadi miezi 3 kukomaa, na kwa mwenye kisukari huenda isikomae mara ya kwanza, kwa hiyo mishipa ipimwe kwa altrasaundi kabla. Kuanzia leo mkono asioutumia kuandikia usichomwe sindano wala usifungwe kipimo cha presha. Damu ya maabara itolewe nyuma ya kiganja cha mkono wa pili. Fistula ikishawekwa, aiguse asubuhi na jioni: lazima kuwe na mtetemo. Ukitoweka, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi ana nia njema na nasema hili kwa heshima yake. Mitishamba ya kusafisha figo ina potasiamu isiyopimwa, baadhi ya mimea ina sumu inayojulikana kuharibu figo, na figo zisizotoa mkojo haziwezi kutoa hata kilicho kizuri kikizidi. Vivyo hivyo diklofenaki na ibuprofeni: huua mkojo uliobaki. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Mkojo huo ulindwe kama mali. Ratiba ya mara mbili kwa wiki hufaa kwa mgonjwa ambaye bado anakojoa kiasi cha kutosha, zaidi ya nusu lita kwa siku. Nchini Kenya ratiba hiyo ilizoeleka hasa kwa sababu NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ililipia vipindi viwili kwa wiki. SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi yake Oktoba 2024, kwa hiyo muulizeni afisa wa malipo wa kituo ni vipindi vingapi vinavyoidhinishwa sasa kwa mama yenu, na mumwombe daktari aandike sababu ya kitabibu ya kipindi cha tatu. Kilo 4 na nusu na presha inayoanguka ni sababu tosha. Ombeni pia kipimo cha urea kabla na baada ya mashine: ishuke kwa asilimia 65 au zaidi, ingawa kwa anayekwenda mara mbili hata hiyo haitoshi kama mkojo umekauka.

Je, mashine imemfanya awe mtumwa wake? Hapana. Mtu ambaye figo zake zimeumizwa ghafla, kwa malaria kali au kupoteza damu nyingi, anaweza kusafishwa wiki chache na kuachana na mashine. Figo za mama zimeharibiwa polepole na sukari na presha, na mashine ilikuja baada ya uharibifu huo. Njia ya kutoka ni upandikizaji, unaofanyika nchini, Hospitali Kuu ya Kenyatta ikiwemo, kwa figo ya ndugu aliye hai. Sheria ya Afya ya 2017 inaharamisha biashara ya viungo, na yeyote atakayewaahidi figo ya kununua anawapeleka kwenye hatari mbili kwa mpigo. Wewe na ndugu zako mpimwe presha, sukari, kreatinini na protini ya albumini kwenye mkojo sasa, iwe mna nia ya kutoa figo au la. Nyinyi ni watoto wa mgonjwa wa kisukari.

Akikosa kipindi kwa mafuriko, mgomo au nauli, asisubiri zamu yake ijayo: pigeni simu kituoni, mwombe nafasi siku inayofuata, na chumvi, matunda na vinywaji vibanwe mara mbili. Akishindwa kupumua akilala, akilegea miguu, moyo ukiruka, akichanganyikiwa, au katheta ikitoka damu, mpelekeni idara ya dharura ya hospitali yenye mashine ya dialisisi usiku huohuo, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba ni mgonjwa wa dialisisi na kipindi chake cha mwisho kilikuwa lini. Kizibo cha katheta kikifunguka, bana mpira kwa klampu yake papo hapo. Katheta ikichomoka, bonyeza tundu kwa kitambaa safi na umlaze, asikae wala kusimama, mpaka msaada ufike.